Safari ya Ruangwa Bila Msindikizaji

Nachingwea nilikaa miaka mitatu, ambayo kwangu ni mingi. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa nimeshazunguka Masasi, Lindi na Tunduru na cheti changu cha kidato cha nne, na sasa nilisimamia chumba chenye kompyuta tatu karibu na soko. Mtandao ulikuwa wa kusuasua, lakini ulikuwepo.

Mteja wangu wa kudumu alikuwa muuguzi wa wagonjwa wa akili. Sote tulimwita dokta. Alikuwa anasoma kozi kwa mtandao: namna ya kumtibu mtu mwenye hofu iliyozidi kwa kumsogeza taratibu kwenye kile anachokiogopa, badala ya kumwepusha nacho. Kila Alhamisi alizungumza na mkufunzi wake, mama mmoja Mtanzania aliyekuwa anafundisha ng'ambo. Hedifoni ziliharibika mapema, kwa hiyo masomo yote niliyasikia kwenye spika.

Mgonjwa wake wa mazoezi nilimtafutia mimi. Mama mwenye nyumba wangu, mkulima wa Kimakua, alikuwa amezirai sokoni miaka miwili nyuma akiwa peke yake, na tangu hapo hakuvuka uzio wake bila mtu. Moyo unakwenda mbio, alisema, miguu inakuwa maji, anajua anakufa. Hospitali walimpima wakamkuta mzima. Aliishi hivyo bila kulalamika mpaka binti yake aliyeolewa Ruangwa aliposhika mimba ya kwanza. Mama mkwe wa binti alikuwa amefariki, na mtu wa kuacha shamba lake amsindikize mama huko na kukaa naye hakuwepo.

"Nisipokuwepo mimi, nani atamshika?" aliniuliza, kama vile mimi ndiye niliyemzuia.

Ilibaki miezi miwili. Nikamwita dokta, na mama akakubali nami nisikie mambo yake.

Dokta alimtaka ataje safari zinazomtisha, kuanzia ndogo: bombani, dukani, sokoni, stendi, Ruangwa. Kisha akamtaka kila safari aipe namba ya hofu, kutoka sifuri hadi mia. Mama akacheka.

"Dokta, hofu nitaipima kwa namba? Ya bombani ni kisado. Ya sokoni debe. Ya Ruangwa gunia, tena la lumbesa."

Dokta akaandika hivyohivyo.

Wiki tatu mambo yalikwenda vizuri ajabu. Alhamisi moja dokta alimweleza mkufunzi kwa fahari kwamba mgonjwa wake ameshafika sokoni mara nne.

"Alikuwa na nani?"

"Na mimi. Namsindikiza tu, mama."

"Ukimsindikiza anasemaje?"

"Anasema nikiwepo mimi haogopi."

"Basi mwanangu, aliyefika sokoni ni wewe."

Dokta alijikuna kichwa. "Mama, huku mtu mzima akiaga unamtoa hata hatua kumi. Nikikaa kumwangalia tu, wataniona sina adabu."

"Wakuone."

Kesho yake mama mwenye nyumba alikwenda bombani peke yake, au alijaribu. Jirani wa kwanza alimwona anatetemeka, akaacha kutwanga, akamshika mkono. Alipomkatalia, akaja wa pili. Alirudi na wanawake watano, ndoo yake amebebewa.

"Nimesindikizwa kama bibi harusi," alisema, kisha akalia. Ilibaki mwezi mmoja tu.

Mimi na dokta tukazunguka nyumba kwa nyumba tukiwaomba watu wasimsaidie. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile.

"Nyie ni watu gani?" bibi mmoja alituuliza. "Mwenzangu anatetemeka, nipite kama sijamwona?"

"Akianguka mwinue, bibi. Akitetemeka, mwache atetemeke," dokta alimjibu.

"Haya. Siku ukitetemeka wewe, tutakuja na mikeka tukutazame."

Waliacha kwa shingo upande. Mama akafika bombani, akafika dukani. Njia ya sokoni alirudia katikati mara mbili. Mara ya tatu niliona kwa mbali amesimama mbele ya duka la nguo, ameshika nguzo, jasho linamtoka, watu wanamsalimu na kupita. Hakukimbia. Alisimama pale mpaka hofu ikapungua, kama alivyofundishwa, ndipo akaendelea. Wiki iliyofuata alifika stendi, akarudi.

Asubuhi ya kwenda Ruangwa aliniaga uani. Kwa mazoea nilichukua begi lake, akaninyang'anya.

"Kaa hapo, mpangaji."

Nikakaa. Dokta hakuja kabisa. Alisema akija atashindwa kujizuia.

Mchana simu ya binti iliita kwangu, lakini aliyeongea alikuwa mama. "Mwambie dokta moyo umekwenda mbio mpaka basi limefika Likunja, halafu umechoka wenyewe. Nimetapika mara moja. Nimefika."

Dokta alinitaka nirudie neno kwa neno. Akaketi kwenye kompyuta, akayaandika yote, hata lile la mama kutapika, akamtumia mkufunzi. Mjukuu alizaliwa siku ya nne, na bibi yake alikuwepo.