Mama na Maranda ya Ukutani

Leo mama yangu amesikika redioni bila kualikwa.

Chumba changu cha kurekodia hapa Nyakahura kina kuta za mbao za tabaka mbili, na katikati ya tabaka hizo nilijaza maranda ili kelele zisipite.

Saa kumi nilitakiwa kusoma habari moja kwa moja, na intaneti ilikuwa inakatika. Fundi akaja kupitisha waya ukutani.

Akatoboa karibu na sakafu. (Mimi ndiye niliyemwambia, ili waya usionekane.)

Maranda yakaanza kumwagika uani, na hayakukoma.

Waya ukapita vizuri. Ukuta ukabaki mtupu.

Saa kumi nikaanza kusoma. Sentensi ya pili, sauti ya mama ikapenya kutoka uani:

"Yosefu, siku zote naomba maranda ya banda la kuku, kumbe umeyaficha ukutani?"

"Mama, yuko hewani," fundi akanong'ona.

"Hata kama. Yosefu!"

Mama akiita, unaitika. Nikasema, "Naam, mama," kisha nikaendelea na habari ya barabara ya Ngara kufungwa.

Wasikilizaji watatu wamepiga simu. Wote wanauliza kama maranda yamebaki.

Hayajabaki. Yako bandani.

Kuna aliyesikia ile habari ya barabara?