Roboti Aliyefagia Soko

Wiki ya kuondoa matanga ya mama, jirani yetu hapa mtaani Bwiza alituita kwake kutazama filamu ya katuni. Yeye ni mshonaji, Mwislamu. Nilipoacha shule kwa sababu ya ugonjwa wa mama, ndiye aliyenifundisha cherehani, na jinsi ya kumshushia homa mdogo wetu wa mwisho. Baba alikuwa amefariki zamani.

Filamu ilikuwa ya roboti aliyefagia soko. Siku moja aliokota kitoto cha paka, akakilisha misumari. Wauza samaki wakamcheka, kisha wakaanza kumwonyesha jinsi ya kukilea, wakimwita mama wa paka.

"Ona, misumari!" jirani alisema. "Kama we na ule uji wako wa kwanza."

Wadogo zangu wakacheka. Yule wa mwisho hakucheka.

"Da, roboti alimuzaa huyo paka?"

"Apana."

"Basi ni mama yake namna gani?"

"Na huyo roboti alijua kulea peke yake?" jirani alimuuliza. "Si alifundishwa na soko zima?"

Mwishoni mwenye paka alikuja, na roboti akamkabidhi. Mdogo wangu alilia mpaka tukazima televisheni. Aliniuliza kwa nini amemtoa. Nilimfuta machozi tu, maana shangazi yetu wa Kiriri, mtaa wa wenye nazo, alikuwa amekwisha kuniambia kwamba Jumamosi ataomba mbele ya watu kumchukua mtoto huyu.

Kwetu, siku ya kuondoa matanga ndipo familia inapotangaza watoto wa marehemu watakaa na nani. Neno likisemwa pale na watu wakanyamaza, limepita. Kulirudisha baadaye ni kuivunjia familia heshima.

Sitadanganya kwamba nilimchukia shangazi. Kwake mtoto angelala kwenye kitanda chake mwenyewe na kusoma shule nzuri. Nilijaribu kufikiri kama roboti yule, kwamba kupenda ni kukabidhi. Nilishindwa.

Jumamosi, Fanta zilipokwisha kugawiwa, shangazi alisimama na kusema aliyotaka kusema. Baba mkubwa akauliza kama kuna mwenye neno lingine. Wazee walitazama chupa zao. Nilisimama nikashika kiti.

"Mtoto abaki kwangu," nilisema.

"Na masomo?" shangazi aliuliza kwa upole. "We mwenyewe uliacha. Utamusaidia na nini?"

Nyuma, karibu na mlango, jirani yetu alisimama.

"Mi nitamupeleka shule pamoja na wangu. Mtaa wote tutamuangalia."

"Mama, hapa inaongea familia," baba mkubwa alimwambia. Jirani alikaa, lakini maneno yake yalikuwa yamekwisha kusikika, na hakuna aliyenyamaza tena. Walibishana hadi chakula kikapoa. Mwisho baba mkubwa akaamua mtoto abaki kwangu mpaka shule zifunguliwe, halafu familia ikae tena.

Shangazi alinikumbatia wakati wa kuondoka. "Sijaacha," alisema. Najua hajaacha.

Shule bado hazijafunguliwa. Asubuhi hii mdogo wangu alikuja jikoni akitembea kwa miguu iliyokakamaa, mikono imenyooka.

"Roboti, nina njaa. Usinipe misumari."

Nikapuliza makaa, nikabandika uji. Nilimwita jirani aje auonje kabla sijamimina.