Tambi Zilizoliwa Ngazini

Mwaka ule Kwaresima na Ramadhani ziliingia pamoja, na nyumba yetu nzima ya Mji Mkongwe ikafunga: sisi Wakristo ghorofani, na chini yetu bibi mmoja mjane, Muislamu, aliyeishi peke yake. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na nikiwa na njaa nilikuwa sisemezeki.

Nilikuwa nikijiandaa kwa kipaimara. Askofu angekuja baada ya Pasaka, na gauni langu jeupe lilishashonwa. Siku moja mwalimu wetu wa dini, mama mkali asiyecheka ovyo, akaniuliza furaha ya Mkristo ni nini. Nikamjibu bila kufikiri, "Ni kushiba." Wenzangu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Hutapiga magoti mbele ya askofu mpaka uniletee jibu jingine," akasema. Nilirudi nyumbani nimenuna. Jibu lenyewe ningelitoa wapi? Katika kufunga mimi sikuona furaha yoyote, niliona tumbo tu.

Ijumaa mama alikaanga tambi, akazitia nazi na iliki tele, akazifunika kwa kawa. "Mpelekee bibi futari yake kabla mzinga wa kufuturu haujalia. Na usiguse, na wewe umefunga."

Ngazi zetu zilikuwa na giza, na ile harufu, jamani! Nikafunua, nikaonja kidogo. Pakaonekana pamelika, nikala na upande wa pili ili palingane. Nilipofika mlangoni kwa bibi, zilibaki nusu sahani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?"

Akafunua kawa. Nikaangua kilio palepale, nikamwambia yote: kwamba nimekula futari yake, tena nikiwa nimefunga, na kwamba kipaimara changu sasa kimekwenda na maji. Nilidhani atanifukuza. Bibi akacheka hadi akajishika mbavu.

"Kumbe wewe ushafungua! Mimi bado. Kaa hapa, usinikimbie."

Mzinga ukalia. Alikuwa na tende tatu kwenye kisahani. Akala moja, akanipa moja, ya tatu akaipasua katikati. Kisha tukazila zile tambi pamoja.

"Tangu nimzike mume wangu nnafungua na kuta," akasema. "Leo nimepata mtu. Alhamdulillahi, nimefurahi."

Na kweli alifurahi, kwa tende moja na nusu! Mimi niliyemzidi kwa kula ndiye niliyekuwa na machozi. Nilimwonea wivu, sifichi.

Jumapili nikamsimulia mwalimu kila kitu, hata habari za tambi. "Furaha ni kupata wa kula naye," nikasema, "hata kama ndiye aliyekuibia."

Akataka kujua nani kanifundisha hayo. Nikamwambia ni jirani yetu wa chini, Muislamu. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga.

"Bwana wetu naye alikula na watu wa namna yako," akasema. "Gauni lako lipige pasi."

Siku ya kipaimara nilirudi kutoka kanisani nikiwa na njaa, gauni limeninyooka. Nikamkuta bibi ameketi palepale kwenye ngazi zetu za giza, sahani ya tambi mapajani, imejaa mpaka juu.

"Nilijua zikipanda hazifiki," akasema, akasogea kunipa nafasi. "Kaa tuzile hapahapa."