Mshono Mweupe wa Bibi

Fundi viatu aliyekaa nje ya lango la chuo alikuwa na donge la nta ambalo alipitisha uzi wake kabla ya kushona. Jua likiwa kali nta ile ilinukia mpaka njiani, harufu ya asali na moshi, nami nilisimama pale hata viatu vyangu vikiwa vizima. Wenzangu walinicheka. Wao sikuwaeleza. Ninyi nitawaeleza.

Nilikuwa darasa la nne tulipohamishwa kutoka bondeni kwetu, upande wa Mazingara, kupelekwa kijiji cha ujamaa. Hatukuulizwa. Lori lilikuja asubuhi, tukapakia vitanda, kuku, na bibi yangu aliyenilea, akiwa amepakata kibuyu cha maji alichoachiwa na mama yake. Kwenye korongo moja lori liliruka, kibuyu kikapasuka toka shingoni hadi tumboni.

Tulipofika Bibi alikiloweka kisizidi kupasuka, akachoma msumari motoni, akatoboa vitundu kando ya ufa, akashona, kisha akaziba kwa nta ya moto. Kwetu wanawake wengi walijua kushona vibuyu, na fundi alipimwa kwa jambo moja tu: mshono usionekane. Uzi ulipakwa masizi ukafanana na kibuyu kilichokolea moshi. Bibi alisifika kwa hilo. Lakini safari hii alichukua mkonge mnene, mweupe, ambao mjomba alituletea kutoka mashamba ya Korogwe, akashonea hivyohivyo, bila masizi. Ungeuona toka ng'ambo ya uwanja. Nikadhani macho yake yameanza kufifia. Kwa huruma nikamletea masizi kwenye kifuu. Akayamwaga.

Kila alipokwenda kisimani alikuta mtu wa kumwuliza nani kakipasua. Alijibu, "Lori." Basi. Wengine waliguna, wengine wakaanza kutaja vyao: mtungi, mlango, mbuzi aliyebaki porini.

Siku hizohizo mwalimu wetu wa Kiingereza, kijana wa Dindira, aliandika ubaoni neno "mend". Akasema Mwingereza analitumia neno hilo moja kwa kaptula, barabara, mfupa, hata tabia. Nikauliza kwa nini aridhike na moja, wakati sisi kaptula tunaitia kiraka, paa tunaliziba na mfupa tunauunga. Nilitegemea fimbo. Badala yake alikwenda kwenye kamusi yake, na kesho yake akatuambia neno lile lilitoka Kilatini likapitia Kifaransa, na asili yake ni kuondoa kosa. Nilikimbia nyumbani kumweleza Bibi, nikijiona msomi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kosa la nani. Hilo mwalimu hakuwa amelisema.

Wiki iliyofuata ulikuja ukaguzi wa usafi. Katibu wa kijiji alitangaza kwamba vyombo vibovu vyote vivunjwe, kijiji kipya hakitaki mabaki. Mwalimu alimfuata na daftari. Niliwaona wakipita mitungi ya jirani yenye nyufa bila kuitazama, wakaja moja kwa moja kwetu.

"Shikamoo Bibi. Hicho kibovu. Kivunje."

"Marahaba." Bibi akakijaza maji hadi shingoni, akakitundika mbele ya uso wa katibu. Tukangoja. Halikudondoka hata tone.

"Kina kiraka," katibu akasema.

"Na suruali yako ina kiraka makalioni, mwanangu. Tuichane nayo, au utaivua kwanza?"

Majirani waliangua kicheko. Mwalimu aliinamia daftari, na mimi niliyekuwa karibu yake nikamwona akiandika: kizima. Katibu akashusha sauti. Alisema basi, akae nacho, ila huo uzi mweupe aupake masizi, watu wasiendelee kuulizana kisimani.

"Nitaupaka," Bibi akasema, "siku utakaponirudisha bondeni."

Akaongezewa siku za kazi katika shamba la kijiji. Alikwenda zote, kibuyu kichwani, mshono ukitazama njia.

Nilipofika chuo, kitabu cha kwanza nilichokifungua maktaba kilikuwa kamusi ile nene ya asili za maneno. Mwalimu alikuwa sahihi. Nilikifunga kwa hasira. Sote tumekaririshwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na hakuna aliyetufundisha kumwuliza aliyeupasua. Bibi hakuwa akiondoa kosa lolote. Alikirudishia kibuyu maji yake, na kosa akaliacha pale nje, jeupe, mwenye nalo alione kila asubuhi. Sikubali Kilatini kinifundishe vingine.

Ila kuna jambo ambalo mbele ya fundi yule na nta yake bado linanichoma. Kabla katibu hajafika uani kwetu kudai mshono ufichwe, kuna mtu aliyekwisha kumtangulia, kwa hiari yake, tena kwa upendo. Mtu huyo alikuwa na miaka kumi, na alikuja na masizi kwenye kifuu.