Daraja Lisilo na Pa Kutua Mzigo

Siku ya kwanza niliyoingia kazini katika idara ya barabara, Shefu wa Brigedi, yaani msimamizi wa kikosi cha mafundi wa barabara, hakunionyesha meza wala kiti. Alinipa nyundo ndogo, akanipeleka kwenye daraja kuu la mji wetu wa Bukavu, lile ambalo watu waliliita Kilalo ya Mawe, maana daraja kwetu ni kilalo, pale barabara ya kwenda Kavumu ilipovuka korongo. Aliniagiza nigonge jiwe moja baada ya jingine na kusikiliza. Jiwe zima hulia, lililooza ndani hukohoa. Ndivyo tulivyopima afya ya daraja kabla ya vyombo vya siku hizi. Nilikuwa kijana mwenye diploma mpya na suruali iliyonyooshwa kwa pasi, na niliona aibu kugonga mawe mbele ya wapita njia.

Nikiwa nimeinama kwenye ukuta wa pembeni, mama mmoja mwenye gunia la makaa alinijia akihema. Kwa ninyi mliokulia mbali, wamama wetu hubeba mgongoni, na mkanda wa mzigo hupita kwenye paji la uso. Mbebaji hutembea ameinama, macho chini, hawezi kugeuza shingo.

"Mutoto, toka pale!" Shefu alinipigia kelele. "Pale haiko pa ofisi. Pale ni pa bamama."

Nikatoka mbio. Yule mama akageuka, akaegemeza gunia juu ya ukuta nyuma yake bila kufungua mkanda, akafumba macho. Ukuta ule, ambao sisi wa kazi huuita parapeti, ulikuwa mnene na ulifika kiunoni. Sijui kama waliojenga walikusudia hivyo. Ninachojua ni kwamba kutoka bandarini hadi juu ya kilima, hapakuwa na mahali pengine ambapo mbebaji angeweza kupumzika bila kumwomba mtu amtwike tena. Gunia likishafika chini, peke yako huliinui.

Hilo nililijua kuliko wenzangu wa ofisini, kwa sababu dada yangu mkubwa, Nsimire, ambaye kwa desturi yetu nilimwita Yaya, alibeba kwenye njia hiyohiyo. Baba yetu alikufa tukiwa wadogo. Mimi nilisomeshwa na shingo ya dada yangu, na sisemi hivyo kwa kupamba maneno.

Kazi ilinizungusha kama inavyowazungusha wote. Nilipelekwa Kavumu kusafisha mitaro ya barabara ya uwanja wa ndege, kisha Uvira, kisha Shabunda, ambako daraja lilikuwa magogo manne na sala. Mkurugenzi wa Mkoa wa wakati ule alikuwa mkali, lakini kazi aliijua. Ukimletea mchoro mzuri alikuuliza mvua ya mwezi wa nne itapita wapi, halafu akasema, "Maji haisomake plan." Nilimchukia, na baadaye nikajikuta ninawaambia vijana wangu maneno yaleyale.

Niliporudi Bukavu nikiwa mkuu wa ofisi ya michoro, Kilalo ya Mawe ilikuwa imechoka. Malori yalikuwa yameongezeka uzito, na tablier, yaani sakafu ambayo magari hupita, ilikuwa na nyufa za kuingiza kidole. Mimi mwenyewe nilisaini maoni kwamba daraja livunjwe, lijengwe jipya. Sikukosea. Lingetuangukia.

Jioni hiyo nilipita kwa Yaya kumweleza kabla hajasikia sokoni. Alikuwa anaosha miguu.

"Munabomoa Kilalo," alisema. "Na ule ukuta, mutaurudisha?"

"Tutaurudisha, Yaya."

"Basi. Juu pale mi nafikaka nimeisha."

Mjadala wa mchoro ulifanyika katika ukumbi wa hoteli moja ya mtaa wa Nguba, soda mezani, ziwa dirishani. Injinia wa Mkoa alitaka boriti za zege, kwa sababu ndizo tulizoweza kuzitunza wenyewe. Mshauri wa wakubwa wa serikali alitaka tao la chuma lenye taa, picha yake ionekane mbali. Mkuu wa Mradi, mgeni mwenye adabu aliyeshika fedha za wafadhili, alitaka lolote, mradi lifuate kanuni za kwao. Walibishana juu ya tao na boriti mpaka chakula kikapoa. Penye wengi pana mengi, lakini ukuta wa wamama haukuwamo katika hayo mengi.

Nilisimama nikaeleza. Niliomba parapeti nene, ya kiuno, upande mmoja tu wa daraja. Mkuu wa Mradi alinisikiliza mpaka mwisho, akafungua kitabu chake, akaniambia kwa Kifaransa cha taratibu kwamba ukuta mnene huongeza uzito na kula njia, na kwamba kanuni zinataka garde-corps, yaani reli nyembamba ya kuzuia mtu asianguke. Kisha akasema jambo ambalo mpaka leo linanikera: katika kanuni, mwenda kwa miguu hana mzigo.

Mshauri alicheka. "Muzee, tunajenga kilalo ao tunajenga kiti?"

Ukumbi mzima ukacheka naye.

"Ile kazi ya kubeba ku mugongo itaisha," akaendelea. "Tunajenga ya myaka mia. Unataka bageni baone bamama banalala ku kilalo?"

"Itaisha lini, Monsieur le Conseiller?" nilimuuliza huyo Mshauri. "Mi nataka nimuambie dada yangu."

Akajimiminia soda. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Injinia wa Mkoa, aliyekuwa mtu mwema ila mwoga, alinivuta pembeni akaniahidi kwamba tutajenga ukuta wa kupumzikia mwanzoni mwa daraja, katika kazi za nyongeza. Nilikubali. Ningefanya nini? Zege lilimwagwa, tao likasimama, taa zikawaka. Halafu hali ya mji ikaharibika, wenye mradi wakafunga mizigo yao wakaenda, na kazi za nyongeza zikabaki maneno. Taa nazo siku hizi haziwaki.

Yaya alivuka daraja jipya kwa muda bila kunilaumu. Hilo ndilo lililoniumiza. Alipofika juu alijaribu kuegemea reli, lakini reli inapita kiuno na ni nyembamba, gunia linateleza. Siku moja ya mvua liliteleza kweli, likamvuta nyuma kwa mkanda, na shingo ikavunjika. Hakufa. Amelala nyumbani kwangu Nyalukemba, analishwa na binti yangu, anaangalia dari. Nikiingia ananisalimia kwa sauti nzuri, ananiuliza kama nimekula. Hajawahi kunitajia ukuta. Afadhali angenitukana.

Nilistaafu mwaka huohuo. Idara iliniagiza niwaandikie vijana mafunzo ya kazi, nikakaa na karatasi sikuona la kuandika. Niwaambie wasome sana? Tulisoma. Niwaambie waseme ukweli mkutanoni? Nilisema. Sina fundisho.

Juzi nilikuwa ninavuka daraja lile kwa miguu kwenda kununua dawa za Yaya, nimevaa koti langu la ofisi kwa mazoea. Katikati ya daraja mama mmoja mwenye gunia la unga alinifikia.

"Papa, simama ivi kidogo," alisema. "Geuka."

Nikageuka bila kuelewa. Akanipa mgongo, akaegemeza gunia lake juu ya mgongo wangu. Nikashika reli kwa mikono miwili. Nilimsikia anavyopumua, na nilitaka apumue mpaka atosheke, lakini mgongo wangu si wa kijana tena. Alihisi ninazidi kuinama.

"Aksanti, Papa. Umezeeka, acha niende."

Akajinyanyua akaenda. Nyuma yake alikuwa anakuja mwingine, kichwa chini. Akasimama mbele ya viatu vyangu, akangoja nigeuke.