Fomu ya Mwenzangu Niliifua na Nguo, na Sasa Tunaachishwa Kazi

Admin, nifichie jina, lakini haya mengine yaache kama nilivyoandika.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na sita, kwetu ni bara, Vihiga. Shule niliachia darasa la sita. Miaka kumi na mitatu nimekaa chumba kimoja hapa pwani, Mtopanga, nikizibua mitaro na kupakia taka za kaunti. Mke na watoto wako nyumbani.

Kazi hii nilitafutiwa na mtu nitakayemwita Kahindi, wa Kaloleni, aliyenitangulia kwa mwaka mmoja. Siku ya kwanza aliniona ninavyoshika sepetu akacheka. "Mbara, huo ni mtaro, si sufuria ya ugali." Akanifundisha. Nilipougua malaria alifanya sehemu yangu wiki nzima, wala hakunidai asante.

Wakati huo sote tulikuwa vibarua. Kisha zikaja fomu za kuandikwa rasmi, na miaka uliyokwisha fanya ilihesabiwa humo. Kahindi alijaza yake siku aliyopigiwa simu kuwa mamake amefariki. Akanipa. "Ndugu yangu, nipelekee Jumatatu kwa karani. Mimi naenda kuzika."

Niliitia mfukoni mwa ovaroli; yangu nilikuwa nimeshaipeleka. Jumapili nikafua. Nilipokumbuka, mfukoni mlikuwa na uji wa karatasi.

Niliogopa. Aliporudi kutoka matangani nikamwambia nimeshaipeleka. Jina langu lilitoka, lake halikutoka. Akaamini karani ameitupa, na tangu hapo hata salamu hampi. Aliendelea na ukibarua miaka mingi, mpaka akaandikwa na kundi lililofuata kama mgeni.

Sasa tumeambiwa kazi zetu zimeondolewa. Kila mtu atalipwa mshahara wa nusu mwezi kwa kila mwaka ulio kwenye faili. Mimi kumi na mitatu. Kahindi, aliyenikuta sijui kushika sepetu, mitano. Hata bila kosa langu mimi nauliza, ile miaka isiyo kwenye faili, mitaro ilikuwa ikijizibua yenyewe?

Alikwenda ofisini kulalamika. Wakamwambia alete shahidi aeleze fomu ile ilikwenda wapi. Jioni hiyo akaja kwangu, akakaa kwenye ndoo.

"Sina mwingine. Wewe ndiye uliyeibeba. Waambie tu ulimpa nani."

Nikasema sawa.

Wenzetu wamesikia na wananionya kwamba faili moja ikifunguliwa, zote zitafunguliwa, na hakuna atakayelipwa mpaka zikaguliwe. Nilimpigia mke wangu nikamweleza yote. Akasema, "Pokea chako uje nyumbani. Huyo karani ameshazoea kulaumiwa."

Lakini karani yule ni mzee, naye pia anaachishwa kazi. Nikisema nilimpa, huenda wakamkata chake. Nikisema ukweli, sijui nitamtazamaje Kahindi, na sijui kama ukweli huo utamrudishia hata mwaka mmoja.

Alhamisi tunaingia ofisini pamoja. Leo amenipitia kuniambia, "Vaa shati safi, mbara, wakuamini."

Ndugu zangu mnaosoma, nimebakiwa na siku mbili. Nianze kumwambia nani, na nimwambie nini? Nishaurini.