Wanakimbia na Mlango

Wenzangu, diploma yangu ya masomo ya jioni ilinifanya nijione profesa wa Afrika nzima. Juzi hapa Bunia niliwaonyesha wanafunzi wa mwaka wa sita, kwa projekta, picha za vita yetu zilizohifadhiwa kwenye kompyuta. Katika moja, wanaume wawili wanakimbia kutoka kijiji cha Djugu wamebeba mlango, juu yake furushi la blanketi.

"Muangalie hawa!" nikasema. "Wanaacha nyumba, wanabeba mulango! Watabisha hodi wapi?"

Darasa likacheka mpaka mabati yakatetemeka. Nikanogewa, nikaikuza picha ijae ukuta.

Dorika, msichana wa dawati la mbele, akasimama.

"Mwalimu, huyu wa mbele ni papa. Mu ile blanketi iko mama. Alikufa siku alinizaa, papa akakataa kumuacha kule."

Meno yangu yalikuwa bado nje.